Saa za Nani? Mhadhara kuhusu msaada wa nyumbani unaolipiwa na serikali



Katika jimbo la California nchini Marekani, afisa ustawi wa jamii anapokwenda kumwona mtu mwenye ulemavu nyumbani kwake huwa na jedwali mkononi. Jedwali hilo limeyagawa maisha katika saa na dakika. Usafi wa nyumba umewekewa saa 6 kwa mwezi. Kununua chakula, saa 1 kwa wiki. Safari nyingine za dukani, nusu saa. Kufua nguo ni saa 1 kwa wiki kama mashine ya kufulia imo ndani ya nyumba, na saa 1 na nusu kama iko nje. Kisha inakuja zamu ya mwili: kuoga, kupiga mswaki, kuvaa, kuinuliwa kitandani, kwenda chooni, kulishwa, kugeuzwa ubavu. Afisa huuliza na kutazama. Hili unaliweza peke yako? Unaliweza ukishikwa mkono? Huliwezi kabisa? Mwishoni hujumlisha. Mtu mwenye ulemavu mkubwa kabisa anaweza kufikia saa 283 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya saa 9 kwa siku, na mshahara wa atakayezifanya kazi hizo hutoka katika fedha za umma.

Najua jambo hili linavyowagonga wengi wenu masikioni. Kumwogesha nduguyo kwa kuhesabiwa dakika! Kwetu anayemlisha kaka yake hatazami saa. Hisia hiyo naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini nimekuja kuutetea upimaji huo kwanza, kisha niushitaki, na hoja yangu katika yote mawili ni moja. Saa zikishahesabiwa, lazima ziwe mali ya mtu, na mwenye kuzimiliki anapaswa kuwa yule ambaye mwili wake ndio unaoguswa.

Nianze na utetezi. Kazi isiyohesabiwa haiingii katika bajeti yoyote. Mama anayeamka usiku mara kwa mara kumgeuza mwanawe, mtu mzima mwenye kilo sabini, ili asipate vidonda vya mgongo, anafanya kazi ambayo hospitalini ingefanywa na wauguzi wawili kwa zamu. Akiulizwa na karani wa sensa shughuli yake ni nini, huweza kuandikwa kuwa hana kazi. Mgongo wake ukivunjika, hakuna ofisi itakayogundua kwamba mtumishi wake mmoja ameumia kazini. Jedwali la California, pamoja na ukavu wake wote, limekiri jambo ambalo dola nyingi duniani hazijakiri: kumgeuza mtu kitandani kunachukua muda, muda huo una mwenyewe, na mwenyewe anastahili kulipwa.

Mpango ninaouzungumzia hujulikana kwa kifupi kama IHSS. Ulipitishwa kisheria mwaka 1973, na leo unawahudumia zaidi ya watu laki sita, wazee na watu wenye ulemavu wa kila umri, kwa fedha za serikali ya shirikisho, za jimbo na za kaunti. Nchini Marekani hakuna mwingine wa aina yake wenye ukubwa huo. Lakini fedha peke yake hazielezi kwa nini mpango huo ulichukua sura uliyoichukua. Kwa hilo inabidi turudi katika wodi ya hospitali ya chuo kikuu kimoja.

Ed Roberts alizaliwa mwaka 1939. Alipata polio akiwa na miaka 14, mwaka 1953, miaka miwili tu kabla ya chanjo ya Salk kuanza kutumika. Ugonjwa ulimwachia vidole viwili vya mkono mmoja na vidole vichache vya mguu. Usiku alilala ndani ya pipa kubwa la chuma lililompumulia. Shule yake ya sekondari ilisita kumpa cheti kwa sababu hakuwa amefanya mazoezi ya viungo wala somo la udereva, mpaka mama yake, Zona Roberts, alipokwenda kupambana nao. Alipotaka kwenda chuo kikuu, idara ya jimbo iliyokuwa na wajibu wa kuwasomesha watu wenye ulemavu ilikataa kumlipia, kwa maelezo kwamba ulemavu wake ulikuwa mkubwa mno na hangeweza kufanya kazi maishani. Habari zilipofika magazetini idara ikalegeza msimamo. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Bweni la kulipokea pipa lake halikuwepo, kwa hiyo akapewa chumba katika Cowell, hospitali ya chuo.

Baada yake wakaja wengine wenye viti vya magurudumu, na ghorofa moja ya hospitali ikageuka kuwa bweni. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea, nalo halikutajwa sana wakati ule. Jimbo lilikuwa likitoa fedha za kuwalipa wasaidizi, na vijana hao wakawa wanawatafuta wasaidizi wenyewe, wanawahoji, wanawafundisha namna ya kuwainua, na mtu asipofaa wanamwachisha. Fikirini walikotoka. Walikuwa wamekulia katika wodi ambamo saa ya kulala huamuliwa na ratiba ya zamu, chakula huja kikitaka, na muuguzi akikasirika unasubiri chooni. Sasa, wakiwa na miaka ishirini na kitu, waliweza kumwambia mtu: leo nitasoma hadi usiku wa manane, njoo unilaze saa saba. Uwezo wao wa kutembea ulibaki vilevile, lakini utawala wa siku ulikuwa umehamia mikononi mwao.

Kundi hilo ndilo lililozaa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea cha Berkeley mwaka 1972, kituo kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe, kikiwatafutia wenzao nyumba za kupangisha, kikitengeneza viti vya magurudumu, na kikitunza orodha ya watu walio tayari kufanya kazi ya usaidizi. Mwaka 1975 gavana Jerry Brown alimteua Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ileile iliyomkatalia karo. Alifariki mwaka 1995.

Kutokana na historia hiyo, IHSS ilipata uti wake wa mgongo: anayehudumiwa ndiye anayechagua, kuelekeza na kumwachisha msaidizi wake. Serikali hulipa, lakini haimletei mtu mlangoni. Naomba tusilipite hili haraka. Kwetu sisi hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba si kila mkono unafaa kwa kila mwili. Tuna staha. Kuna watu ambao baba mzima hawezi kuvua nguo mbele yao, na kuna wakwe ambao hata kula pamoja nao kuna utaratibu wake. Tunapofiwa, tunakaa na kuulizana kwa makini nani atamwosha marehemu, mwanamume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake, tena watu waaminifu watakaomsitiri. Maiti tunamchagulia mikono. Mtu aliye hai, mwenye macho na ulimi, tunamkabidhi kwa yeyote aliye karibu, na mara nyingi ni mpwa wa kike wa miaka kumi na miwili. Kisha tunashangaa kwa nini amekuwa mkimya.

Mahali ambapo saa zimehesabiwa lakini zikabaki mali ya ofisi, tunajua kinachotokea, kwa sababu kimeandikwa katika hukumu za mahakama. Elaine McDonald alikuwa mchezaji mkuu wa baleti nchini Uskoti. Mwaka 1999 alipata kiharusi, na baada ya hapo hakuweza kwenda msalani usiku bila kushikwa. Kibofu chake kilimlazimu kuamka mara kadhaa usiku, lakini mkojo aliweza kuuzuia. Alihitaji mkono tu. Halmashauri ya mtaa wake jijini London ilimpa msaidizi wa usiku kwa muda, kisha ikapiga hesabu, ikaona itaokoa takriban pauni 22,000 kwa mwaka ikimpa nepi badala ya mtu. Akakataa kulala katika mkojo wake hali anaweza kujizuia. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliipa halmashauri ushindi, majaji wanne dhidi ya mmoja. Huyo mmoja alikuwa Lady Hale, mwanamke pekee katika jopo hilo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema heshima ya maisha yake ilivunjwa kwa kipindi kile cha awali, kabla mahitaji yake hayajapitiwa upya kwa utaratibu, lakini baada ya hapo halmashauri ilikuwa na haki ya kupanga fedha zake. Alipewa fidia ya yuro 1,000.

Nimeisoma hukumu hiyo ya London mara nyingi, na kila mara naona majaji waungwana wakijadili kwa lugha safi kama mama mtu mzima anaweza kuambiwa ajikojolee. Hakuna aliyemtukana. Kila ofisi ilifuata utaratibu. Huo ndio ushahidi wangu kwamba utaratibu mwema hautoshi ikiwa mwenye mwili hana kauli ya mwisho.

Sasa turudi Marekani, kwa sababu huko kuna kosa lingine lililojengwa katika msingi wa sheria. Medicaid, bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, ilianzishwa mwaka 1965. Sheria iliyoianzisha ililazimisha kila jimbo kulipia makao ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Msaada wa nyumbani haukupewa uzito huo. Sehemu kubwa yake iliachwa kwa hiari ya majimbo. Matokeo yake mtu aliyehitaji kuvalishwa na kuogeshwa alikuwa na haki ya kufungiwa katika jengo, na hakuwa na haki ya kupata msaada huohuo chumbani kwake. Mwaka 1981 mlango ulifunguliwa kidogo: majimbo yaliruhusiwa kuomba ruhusa maalumu ya kutumia fedha za Medicaid nje ya makao. Lakini kwa kuwa ni ruhusa, jimbo linaweza kuweka ukomo wa idadi ya watu, na wanaobaki nje huandikwa katika orodha ya kungoja. Kufikia mwaka 2023 orodha hizo za majimbo mbalimbali zilikuwa na majina yapata laki saba. Wengi wao ni watu wenye ulemavu wa akili. Wako wanaosubiri kwa miaka, wakiishi na wazazi wanaozidi kuzeeka.

Waliobisha hodi mahakamani dhidi ya utaratibu huo walikuwa wanawake wawili wa jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson. Wote wawili walikuwa na ulemavu wa akili pamoja na maradhi ya akili, na wote walikuwa wamelazwa katika hospitali ya serikali huko Atlanta. Madaktari wao walikubali kwamba wanaweza kuishi uraiani wakipata msaada. Waliendelea kuwekwa ndani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 22 Juni 1999, kwa kalamu ya jaji Ruth Bader Ginsburg, mahakama iliamua kwamba kumtenga mtu katika taasisi bila sababu ni ubaguzi unaokatazwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Hukumu iliacha mwanya kwa majimbo kujitetea kwa hoja ya gharama, na mwanya huo umetumiwa. Hata hivyo, tangu katikati ya muongo uliopita zaidi ya nusu ya fedha za Medicaid za matunzo ya muda mrefu zimekuwa zikienda nje ya makao. Lois Curtis alitoka, akawa mchoraji. Mwaka 2011 alimkabidhi rais Obama mojawapo ya picha zake katika Ikulu ya Marekani. Alifariki mwaka 2022 akiwa nyumbani kwake.

Hadi hapa nimesema habari za anayehudumiwa. Lakini saa 283 hazijifanyi zenyewe, na nikimsahau anayezifanya nitakuwa nimewadanganya.

Sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara, ya mwaka 1938, iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani, ambao katika majimbo ya kusini wengi walikuwa weusi. Mwaka 1974 wa majumbani waliingizwa, lakini waliokaa na wazee na wagonjwa wakaachwa tena, wakihesabiwa kuwa wanampa mtu kampani tu. Evelyn Coke, mama aliyehamia New York kutoka Jamaika, alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka ishirini, akiwaogesha na kuwapikia watu majumbani mwao, pengine kwa zamu ya saa 24, bila malipo ya saa za ziada. Alishitaki. Mwaka 2007 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi yake. Alikufa mwaka 2009, figo zikiwa zimemshinda. Wizara ya Kazi ilibadili kanuni mwaka 2013, ikaanza kutumika mwaka 2015, na watu kama yeye wakapata haki ya saa za ziada. Mwaka 2025 wizara hiyohiyo ilipendekeza kuifuta.

Kuna wakati wafanyakazi na wanaohudumiwa walitazamana kwa wasiwasi, na nani angewalaumu? Mfanyakazi akigoma kiwandani, mashine husimama. Msaidizi akigoma, mtu hubaki kitandani. Huko Los Angeles vyama vya wafanyakazi vilihangaika kwa zaidi ya miaka kumi kuwaunganisha watu ambao kila mmoja anafanya kazi katika nyumba yake, hawana geti moja la kukutania, na hata mwajiri wao hakujulikana ni nani: kaunti ilisema si mimi. Suluhisho lilipatikana pale mashirika ya watu wenye ulemavu yalipokaa meza moja na vyama vya wafanyakazi. Sheria iliruhusu kaunti kuunda mamlaka ya umma itakayojadiliana kuhusu mishahara, ikaweka kamati za ushauri ambamo angalau nusu ya wajumbe ni watu wanaopata au waliowahi kupata huduma, na ikaacha haki ya kuchagua na kuachisha msaidizi mikononi mwa mwenye ulemavu. Mwaka 1999 wasaidizi 74,000 wa kaunti ya Los Angeles waliingia katika chama kwa mkupuo mmoja. Marekani ilikuwa haijaona ushindi wa ukubwa huo tangu miaka ya 1930.

Mimi naamini huo ndio mkataba wa kuiga. Mshahara mdogo humfukuza msaidizi mzuri, na anayebaki na kitanda kichafu ni yule tuliyedai kumlinda. Kila msaidizi mpya maana yake ni mtu kuvuliwa nguo mbele ya mgeni, na kueleza upya jinsi ya kuushika mguu wake bila kumtegua. Anayesema haki za mfanyakazi zitawapunja watu wenye ulemavu aende akawasikilize waliobadilishiwa wasaidizi watano katika mwaka mmoja.

Ni hapa ambapo jambo hili linaingia katika familia zetu moja kwa moja. Huko Massachusetts, Minnesota, Washington na kwingineko, mikono mingi inayofanya kazi hii ni ya watu wanaozungumza Kiswahili: Wakenya, Watanzania, Wakongo waliofika kama wakimbizi. Ni sehemu ya kile tunachokiita kubeba boksi, yaani kazi za kutumia nguvu ughaibuni. Watu wetu wamejifunza kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kujiumiza mgongo, kutunza ngozi isipate vidonda, kumlisha mwenye shida ya kumeza asipaliwe. Ni ujuzi, na ujuzi wa thamani. Wanatuma nyumbani sehemu ya mshahara huo, na kwa wengine fedha hizo huingia katika nyumba ambamo dada au mama anafanya kazi ileile, kwa ndugu yao wa damu, bila mafunzo, bila mapumziko na bila senti. Kazi moja. Boston ina saa na malipo, Bungoma nchini Kenya haina hata jina katika daftari.

Sitaki kusema serikali zetu hazijafanya kitu. Kenya ina malipo ya kila mwezi ya shilingi 2,000 kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote, chini ya mpango wa Inua Jamii. Yalianza mwaka 2011. Fedha hizo zimewaokoa watu na njaa, na anayezidharau hajawahi kukosa unga. Lakini gawanyeni kwa siku 30: ni shilingi 66 na ushee kwa siku. Hazinunui saa 1 ya mtu wa kumwogesha mwenye ulemavu, na kusema kweli hazikukusudiwa kuinunua. Ni fedha za kupunguza ufukara wa kaya, na hupokelewa kwa kawaida na mlezi kwa niaba ya mhusika. Mwenye ulemavu anaonekana humo kama sababu ya kaya kulipwa. Haonekani kama mtu mwenye siku yake ya kuipanga.

Ilhali tumesaini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba kila mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye, na kwamba apate huduma za nyumbani, ukiwemo usaidizi binafsi, zitakazomwezesha kuishi ndani ya jamii asitengwe nayo. Wabunge wetu wengi wanaijua ibara ya elimu na ile ya ajira. Hii ya 19 imelala.

Nasikia jibu: hayo ni ya matajiri, na kwetu familia zinatunzana. La familia nalijibu kwa mfano wa California yenyewe, ambako zaidi ya nusu ya wasaidizi wanaolipwa ni jamaa wa wanaohudumiwa. Mzazi anaweza kulipwa, na hata mume au mke kwa masharti fulani. Upendo haukupungua kwa kulipwa, umepata chakula. Na mtu akitaka kumwacha mama yake abaki kuwa mama, aogeshwe na mwingine, analo hilo pia. La umaskini halijibiki kwa sentensi moja, maana ni la kweli. Lakini tuwe wakweli pia kuhusu nani analipa sasa. Analipa msichana aliyeacha shule kumshika nyanya yake. Analipa kijana aliyekatisha biashara. Gharama ipo na inalipwa kila siku, na walioibeba ni wale wenye uwezo mdogo kuliko wote.

Niliahidi kuushitaki upimaji. Shitaka la kwanza ni kwamba jedwali la California linajua njia ya hospitali na halijui njia ya msibani. Msaidizi hulipwa kumsindikiza mtu kwa daktari. Saa za kumpeleka kanisani, msikitini, harusini au kwenye mkutano wa kisiasa hazimo. Mtu ameruhusiwa kuwa hai, hajaruhusiwa kuwa na watu. Uswidi ilikwenda mbali zaidi. Adolf Ratzka, Mjerumani aliyepata polio akiwa na miaka 17, alikwenda kusoma Los Angeles mwaka 1966, akaonja maisha ya kuwa na wasaidizi wake mwenyewe, kisha akahamia Stockholm na kuanzisha ushirika wa watu wenye ulemavu wanaosimamia wasaidizi wao. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1994 iliweka usaidizi binafsi kuwa haki, na saa zake zinafuata maisha yote, kazini, safarini, kwa marafiki. Hata huko mizani imekazwa miaka ya karibuni, na waliopewa saa wamepungua.

Na hilo ndilo shitaka la pili: kinachohesabiwa hukatwa kwa urahisi. Julai 2013 California ilipunguza saa za kila mtu kwa asilimia 8, na mwaka uliofuata upungufu ukawa asilimia 7. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwa mtu kumwuliza ni sehemu gani ya mwili wake iache kuoshwa. Saa zilirudishwa mwaka 2015, baada ya kesi na maandamano. Julai 2025 serikali ya shirikisho ilipitisha sheria inayopunguza matumizi ya Medicaid kwa mamia ya mabilioni ya dola katika miaka kumi, na kwa kuwa msaada wa nyumbani bado kwa sehemu kubwa ni wa hiari kwa majimbo, ndiko kisu kitakakoelekea kwanza.

Kwa hiyo, wale walioko katika kaunti na halmashauri, na nawaona baadhi yenu hapa, nina ombi dogo ambalo halihitaji bajeti ya California. Mnapokwenda kuandikisha kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa, fomu zenu huuliza paa la nyumba ni la nini, kuna mifugo mingapi, nani mkuu wa kaya. Ongezeni maswali mawili. La kwanza aulizwe anayesaidia: kazi hii inakuchukua saa ngapi kwa siku, na ungefanya nini na saa hizo? La pili aulizwe mwenye ulemavu, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kwa ishara au kwa ubao wa picha kama hasemi: ungependa nani akusaidie kuoga? Majibu ya mwaka mmoja tu, yakijumlishwa, yatatupa hesabu ambayo hatujawahi kuwa nayo, na hatua inayofuata itakuwa kuipeleka mezani kwa waziri wa fedha.

Sasa nawakaribisha kuuliza, tukianza na waliokaa katika viti vya magurudumu pale mbele.